Nsansa Mbele ya Watu

Ilianza Jumanne, tarehe saba Machi 1995, saa nne na dakika kumi asubuhi, mwalimu wa biolojia alipoingia darasani na glasi ya maji mkono mmoja na kidonge cha klorokwini mkono wa pili. Saa naijua kwa sababu msichana ninayekaa naye dawati moja alikuwa amevaa saa mpya ya plastiki, zile zilizojaa madukani siku hizi, na alikuwa akiitazama kila mara ili na sisi tuitazame.

Biolojia tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini mwalimu wetu akichangamka huhamia Kiswahili bila kujijua, na siku hiyo alihama mapema. Alikisaga kile kidonge kwa kijiko, akakikoroga kwenye maji, akapita dawati kwa dawati akigawa njiti za kiberiti. Kila mtu achovye njiti, aiguse kwa ulimi, halafu amtazame jirani yake usoni.

Nilimtazama msichana wa saa. Alifumba macho, pua ikajikunja, midomo ikavutika chini, ulimi ukatoka nje. Nikageuka nyuma. Darasa zima lilikuwa na uso huohuo, kama tumepigwa muhuri mmoja. Mimi niliziba mdomo kwa mkono, kama kawaida yangu.

"Nani amewafundisha uso huo?" mwalimu aliuliza. "Mama zenu? Shule ya msingi? Hakuna. Mtoto aliyezaliwa leo asubuhi, ukimdondoshea tone la kitu kichungu atakunja uso huu huu. Mdondoshee la sukari, atanyonya midomo. Ulimi umekuja nayo hiyo."

Akaeleza. Zamani kabisa, kabla ya jembe, kabla ng'ombe hajafugwa, watu waliishi kwa kuokota na kuwinda. Kitu kitamu kilikuwa tunda lililoiva, na ndani yake mna nguvu. Mafuta yalikuwa ya shida. Aliyeyapenda, akayala siku yalipopatikana, ndiye aliyevuka kiangazi. Kichungu mara nyingi kilikuwa sumu, maana mmea hauwezi kukimbia, kwa hiyo unajilinda kwa uchungu.

"Aliyekula kila kitu bila kukunja uso hakuacha wajukuu," alisema. "Sisi ni wajukuu wa waliotema."

"Mwalimu," mvulana mmoja wa nyuma akasema, "na wanywa gongo ni wajukuu wa nani?"

"Wa waliotema," mwalimu alijibu bila kucheka, "halafu wakaokota tena."

Darasa liliangua kicheko. Kulipotulia, mwingine alisimama akasema kwao wanasali, na kama mwalimu anataka kutuambia tumetokana na nyani aseme tu wazi.

"Leo sijaleta nyani, nimeleta ulimi," alisema mwalimu. "Basi nijibu wewe: kwa nini nyumbani mnagombania kichwa cha sangara?"

"Mafuta!" darasa zima likajibu.

"Ulimi wako haujui kwamba siku hizi sukari na mafuta vipo dukani. Unadhani bado uko porini, na kesho hakuna."

Wenzangu walikuwa wanacheka, lakini mimi nilikuwa nawaza nyumbani. Ule uso wa klorokwini nilikuwa nimeuona asubuhi hiyohiyo kabla ya kuja shule, kwa mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa ameukunja kwa uji wenye sukari.

Mama alikuwa amelazwa tangu Jumapili, hospitali ya kule kilimani. Tumbo lilimshika wakati wa ibada, na kabla ya jioni akawa amepasuliwa. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini kwa ajili ya dawa alizokuwa anapewa, muuguzi alisema mtoto asinyonye mpaka atakapoambiwa. Mdogo wangu alikuwa na mwaka na miezi miwili, ameanza kutembea kwa kushika kuta. Aliachishwa ziwa hivyo, kati ya Jumapili na Jumatatu, bila mtu kupanga.

Shangazi, dada yake baba, alishuka kutoka Kisesa Jumatatu asubuhi na kikapu chake, akashika nyumba. Baba alimpokea, akaenda kazini. Baba zamani alikuwa karani wa pamba kwenye ushirika. Walipopunguza watu na yeye akapunguzwa, na sasa yuko kiwanda cha samaki, anakata minofu. Minofu inapanda ndege. Sisi tunaletewa vichwa na mapanki, ile mifupa inayobaki na nyama ya kubanduabandua. Jumatatu hiyo alirudi pia na kopo la unga wa mtoto kutoka nje, lenye picha ya mtoto mwenye mashavu kama maandazi. Zamani makopo kama hayo tuliyasikia kwa watu waliokwenda Nairobi. Baba aliliweka mezani katikati, tukalizunguka.

"Huyu atakula chakula cha kitaalamu," alisema.

Mtaalamu alikigusa kwa ulimi, akakunja uso, akageuza shingo.

Jumanne jioni, nikiwa nimetoka kwenye somo, nilidhani nimeshajua dawa. Kama ulimi wa mtoto umekuja na kupenda sukari na mafuta, basi tulikuwa hatujaweka ya kutosha. Nikakoroga uji wa kopo, nikaongeza sukari, nikaongeza siagi ya kopo mpaka ukang'aa juu. Niliuonja mwenyewe jikoni, nikatamani kuumaliza. Mdogo wangu alifunga mdomo hata kijiko hakijafika. Nilipokigusisha kwenye midomo yake alilia kilio kile cha chini, cha kuchoka, si cha hasira.

"Lete huku," shangazi akasema.

Alimlaza kwenye mapaja yake, akakikunja kiganja kama kikombe mbele ya mdomo wake, akamimina. Ndivyo walivyonyweshwa wote kwao, na baba ndivyo alivyonyweshwa. Mtoto anayelia lazima avute pumzi, na akivuta, anameza. Alimeza. Kisha akatapika vyote kwenye kitenge cha shangazi, na tangu hapo kila akiona bakuli alijikaza mwili mzima.

"Ana kiburi cha ukoo," shangazi alisema akijifuta. Lakini sauti yake haikuwa na utani.

Jumatano alimpeleka kliniki. Wakasema hana homa, aendelee kupewa vitu vya maji na chakula kidogokidogo, akizidi kulegea arudishwe haraka. Alikunywa maji. Alikunywa chai ya maziwa, vijiko vichache. Alinyonya pindo la kanga ya mama mpaka likalowa. Alikuwa haendi tena kwenye kuta, alikaa alipowekwa. Jioni baba alipokwenda hospitali nilimsindikiza, na mama alichouliza cha kwanza ni kile kile alichouliza jana yake.

"Anakula?"

"Anakula vizuri," baba alisema haraka. "Wewe pona."

Mama alinitazama mimi. Nikatazama miguu ya kitanda.

Tukiwa tunateremka kilimani, baba aliniambia kwamba Jumamosi shangazi anarudi Kisesa, mahindi yamezidiwa na magugu, na ataondoka na mtoto.

"Kule kuna ng'ombe, kuna bibi yenu, kuna watoto wenzake," alisema. "Na ndivyo mtoto anavyoachishwa ziwa kwetu, anapelekwa kwa bibi. Akirudi ameshasahau."

Mimi si wa kujibu. Lakini niliwaza kitu kimoja njia nzima: ameshampoteza mama, sasa anapoteza na nyumba, na mimi, na ndoo yake ya bluu, na huko nako kama asipokula? Hapa ukimbeba mgongoni unafika hospitali kabla hujachoka. Kutoka kwa bibi mpaka barabarani tu ni mwendo.

Hapa inabidi niseme habari yangu mwenyewe, ingawa sipendi.

Mimi sili mbele ya watu. Meno yangu ya mbele yametokeza, na nilipokuwa darasa la tano wasichana watatu walikaa mbele yangu wakati wa mapumziko wakaiga ninavyotafuna kiazi, mmoja baada ya mwingine, na yule wa tatu aliiga vizuri sana. Tangu hapo nachukua sahani yangu naenda nyuma ya nyumba. Nyumba yetu ya Mirongo imejengwa ikiegemea jiwe, na kati ya jiwe na ukuta kuna nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Ndipo ninapolia chakula. Watu wa nyumbani wamezoea, hawasemi kitu. Shuleni sili kabisa, na hata kuuliza swali darasani siulizi, kwa sababu kuuliza nako ni kufungua mdomo.

Alhamisi, baada ya kengele ya mwisho, nilisimama nje ya ofisi ya walimu mpaka mwalimu wa biolojia akatoka na baiskeli yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe si yule wa dirishani? Mimi nilidhani huna sauti." Alipoona nimeangalia chini akaacha utani. "Haya, sema."

Nilimwambia nikiwa nimeweka mkono mdomoni. Kwamba kuna mtoto anakataa sukari.

"Nani anakataa sukari? Hiyo sijasikia. Mgonjwa?"

"Kliniki wamesema si mgonjwa. Mama yuko hospitali."

"Anatembea?"

"Ameanza."

"Ahaa." Akaegemeza baiskeli kwenye goti. "Mtoto mdogo anayebebwa tu ana hatari gani? Kila kinachoingia mdomoni kimetoka kwa mama. Lakini akishasimama, anaweza kufika kichakani kabla hajaonekana. Sasa fikiria enzi zile. Wale waliokuwa wanafika na kuokota kila tunda jekundu, wamekwenda. Waliogoma, wakawa wanasema hiki sikijui, hiki sikitaki, mpaka wamwone mtu wao anakila, hao ndio waliokua. Kwa hiyo ulimi unapenda utamu, ndiyo. Lakini juu ya utamu kuna mlinzi, na mlinzi anauliza: nani mwingine anakula hiki?"

Alipanda baiskeli, akashuka tena.

"Kwenu anamwona nani akila?"

Nilianza kuwahesabu kichwani, mmoja mmoja.

"Mimi si daktari," aliongeza. "Akizidi kulegea msikae naye nyumbani. Lakini hilo swali kalitazame."

Nililitazama nikipita pembeni ya mto Mirongo, mpaka nyumbani. Anamwona nani? Baba anakula kiwandani na akirudi anakula sebuleni peke yake, usiku, mtoto amelala. Shangazi ni mtu wa adabu za kwao: mtoto kwanza. Haingizi tonge mdomoni kama mtoto hajala, anaona ni aibu mtu mzima kutafuna huku mtoto analia. Na kwa vile mtoto hali, shangazi naye anangoja mpaka alale, halafu anakula jikoni gizani. Mimi niko nyuma ya jiwe. Tangu Jumapili, mdogo wangu hakuwa amemwona binadamu yeyote akila. Alikuwa anaona watu wazima waliofunga midomo wakimsogezea bakuli na kumkodolea macho. Hata mimi ningekataa.

Niliona itabidi nile mimi, mbele yake, lakini mpaka Ijumaa nilikuwa sijajua nile nini. Nilirudi shule nikamkuta shangazi amekaa mlangoni, mtoto kamlalia kifuani, na kikombe cha chai kinapoa pembeni. Nguo za mtoto zilikuwa zimekunjwa tayari ndani ya kikapu chake cha safari.

"Maziwa ya mjini hayana habari," alisema, akikitazama kikombe. "Ya kwetu ukinywa unajua ng'ombe kashinda wapi. Akila yale majani ya kando ya mto, mayu, hata chai inanuka. Mchungaji hawezi kukudanganya."

Kwa Kisukuma mayu ni mama, na shangazi ananiita hivyo akiwa amechoka.

"Na ndama?" nikauliza.

"Ndama kafanya nini?"

"Ndama anajali? Yale maziwa yanayonuka."

"Ajali nini? Ndiyo anayoyajua. Ukimpa ya ng'ombe mwingine ndiyo anakupiga teke."

Nilisimama pale na mkoba begani. Kama ni hivyo, maziwa ya mama yangu nayo yalikuwa na harufu ya alichokula; na alikuwa anakula nini? Nilikuwa najua jibu, nyumba nzima inalijua, na baba hupenda kulitania. Mama anakula nsansa. Ni majani ya mgagani yaliyochemshwa na kuanikwa juani mpaka yakawa meusi na makavu kama tumbaku, na bibi mzaa mama humletea mfuko kila baada ya mavuno. Hata ukiyapika na karanga, uchungu wake unabaki. Baba anasema alipooa hakuambiwa anaoa na majani. Kwa hiyo mama hupika sufuria yake ndogo, anakaa kwenye mkeka jikoni, mtoto mapajani, anakula kwa ugali. Mtoto huchovya kidole kwenye bakuli lake, analamba. Nilikuwa nimeliona hilo mara nyingi, na kila mara nilichowaza ni kwamba lazima nipitishe sahani yangu haraka nyuma ya jiwe.

Tangu Jumapili hakuna aliyepika nsansa. Nani angepika? Tulikuwa na mgonjwa, tulikuwa na mgeni. Shangazi alitukaangia mapanki, akapika wali, nyumba ikanukia sikukuu. Tulimwondolea mtoto mama, tukamwondolea na harufu yake.

Mfuko ulikuwa chini ya kitanda cha mama. Niliuvuta, nikatwaa majani, nikayaloweka.

"Unafanya nini?" shangazi aliuliza.

"Napika nsansa."

"Kwa ajili ya nani?"

"Yangu."

Alinikazia macho. Kila mtu anajua nachukia nsansa. Aliinuka akaniletea kinu cha karanga, akamfunga mtoto mgongoni, akakaa kunitazama.

Nsansa haiharakishwi. Unaloweka, unamwaga maji ya kwanza, unachemsha, unaonja uchungu umeshuka kiasi gani, unaongeza karanga na chumvi, unaacha ichemke polepole. Ilipoanza kutoa mvuke mzito, ule unaonuka majani na moshi, mdogo wangu aliinua kichwa kutoka mgongoni kwa shangazi. Hakulia. Aligeuza shingo upande mmoja, akageuza upande wa pili, akautazama mlango.

Shangazi alihisi. "Anamtafuta," alisema taratibu. Nikaogopa kwamba nimefanya ukatili.

Nilitandika mkeka wa mama jikoni, mahali pale pale. Nikasonga ugali mdogo. Nikamwomba shangazi amweke mtoto mbele yangu, lakini mbali kidogo, asimkaribishe, asimsogezee bakuli. Halafu nikabaki nimekaa na tonge mkononi, siwezi.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake akatokea mama wa nyumba ya pili, amekuja kuomba kaa la moto, na mwanamke huyu hajawahi kuingia mahali akakaa kimya.

"He! Leo mwali anakula hadharani? Funikeni unga, mvua inakuja!"

"Nyamaza wewe," shangazi akamwambia, lakini hakumfukuza.

Masikio yangu yaliwaka. Niliwaona wale wasichana watatu wote kwa pamoja, na yule aliyeiga vizuri. Nikafikiria kubeba sahani. Kisha nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa amekaa na miguu mbele, mikono imelala, na macho yake hayakuwa kwenye bakuli hata kidogo. Yalikuwa kwenye mdomo wangu.

Nikachovya, nikala.

Wajukuu wa waliotema! Uchungu ulikuja kwanza kando ya ulimi, halafu nyuma, halafu ukashuka kooni na kukaa. Nilisikia pua yangu inajikunja yenyewe. Mdogo wangu akakunja ya kwake vilevile, kama kioo.

"Anakuiga," jirani alinong'ona, na akacheka.

Nikaelewa kwamba uso wangu ndio chakula chenyewe. Nikikunja, nimemwambia tema. Nikatafuna tonge la pili nikiushika uso kama mtu anayeshika kuku, kila ukitaka kuponyoka naushika. La tatu nilitafuna taratibu, maana nikimeza haraka haoni kitu. Sauti ya kutafuna ilijaa jikoni, ile sauti ambayo ninajificha nayo nyuma ya jiwe, na meno yangu yalikuwa wapi sijui, nje yote. Kwenye la nne au la tano nikakutana na karanga. Zilikuwa zipo tangu mwanzo, chini ya uchungu, tamu tamu, nami sikuwahi kufika huko kwa sababu siku zote nilikuwa nameza kwa kufumba macho. Ule uso niliacha kuushika. Ulikuwa umetulia wenyewe.

Mdogo wangu alishuka kwenye mikono yake akatambaa. Alifika magotini pangu, akapanda, akashika kidevu changu, akaingiza vidole viwili mdomoni mwangu. Akatoa alichokipata humo, uzi wa jani na ugali, akakitazama. Akakitia kwake.

Hakukunja uso.

Alitafuna na meno yake manne ya mbele, akameza, akarudisha vidole kuchukua kingine.

Jirani alishika mdomo. Baba alikuwa ameingia sijui saa ngapi, bado na buti zake za kiwandani, amesimama na kifurushi cha mapanki kinachuruzika sakafuni. Wote wakamkodolea mtoto macho, na mtoto akasita, vidole hewani.

"Msimtazame!" shangazi akasema kwa sauti ya chini, kali. "Tazameni pembeni. Mtoto anakula."

Watu wazima watatu wakageuka wakatazama ukuta. Baba na buti zake, jirani na kijiko chake cha kaa la moto, shangazi na mikono kiunoni, wote wanatazama masizi ya ukuta wa jikoni kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Mimi na mdogo wangu tukala. Hakuna aliyetuona. Alikula kutoka mdomoni mwangu, kisha kutoka mkononi mwangu, kisha akachovya mwenyewe kwenye bakuli mpaka kiwiko. Alikula kidogo tu, kwa kipimo cha siku nyingine, lakini hakutapika, na aliposhiba alipiga bakuli kwa kiganja kama anavyompigia mama.

"Ameacha?" baba aliuliza ukuta.

"Ameacha."

"Amekula nini?"

"Majani," nikasema.

Baba aligeuka. Nilidhani atatania. Alikaa chini kwenye mkeka, na baba hakai jikoni, akachovya kidole kwenye bakuli la mama, akalamba. Uso wake ulikunjana wote mpaka masikioni. Shangazi alicheka mpaka akashika mlango, na mdogo wangu, akimtazama baba, akacheka naye; cheko la kwanza tangu Jumapili.

"Leo nilimwambia mama yenu zile habari za ulimi za mwalimu wenu, ulizonisimulia jana usiku," baba alisema baadaye. "Akasema basi Mungu aliweka mlinzi." Akafikiri. "Lakini huyu mlinzi mbona hakutaka kopo langu?"

"Hakulijua," nikasema. "Hatukulila mbele yake."

"Basi kesho nitalila mimi."

Shangazi hakusema lolote kuhusu safari. Alifunika sufuria iliyobaki, akaiweka juu, mbali na panya, kama mtu anayetunza kitu cha wageni.

Jumamosi niliamka kabla yao. Kikapu cha shangazi kilikuwa mlangoni, kimefungwa kwa kitenge. Nilikifungua, nikatoa nguo za mdogo wangu, nikazirudisha kwenye sanduku la mama. Shangazi alikuwa macho, ananitazama kutoka kitandani. Alijigeuza tu, akavuta shuka.

Nikaloweka nsansa, safari hii nyingi, ya kwetu na ya kupeleka kilimani. Nikapasha ile ya jana, nikabeba bakuli na mtoto, nikapita kwenye jiwe bila kuingia nyuma yake, nikakaa kwenye ngazi ya mbele, watu wakipita kwenda sokoni, na nikaanza kutafuna.